Nguo Zilizotangulia Nyumbani

Wadogo zangu mliobaki wodini, siku ile mliponiaga kwa keki na soda mliniomba niwaandikie yale ambayo sikuwahi kuyasema vizuri wakati wa kukabidhiana zamu. Ni kweli, wakati wa kukabidhiana zamu kila mtu anawaza viatu vyake. Sasa nimekaa barazani kwangu Butiama, kuku hawaniiti sista, na muda ninao. Vyeo siandiki, vilinifikia vikiwa vimechoka. Mishahara mnaijua wenyewe. Jina langu nalo siliandiki. Mnaonijua mnanijua, na sababu ya kulificha mtaiona huko mbele.

Nilianzia Bunda, kwenye kituo cha afya kilichozungukwa na mashamba ya pamba. Siku ya kwanza niliripoti na viatu vyeupe. Mkubwa wa zamu, Sista Wegesa, alivitazama, akanipa mabuti ya mpira na ndoo, na mafunzo yangu yakaanza hapo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumwomba arudie alichosema. Alinifundisha kuchemsha vifaa, kupima mapigo kwa vidole huku ukiongea habari za mvua ili mgonjwa asiogope, na kutandika shuka lisikunjike hata mgonjwa akigaragara. Kubwa kuliko yote alinifundisha kumwangalia mgonjwa na papo hapo kumtafuta aliyesimama nyuma yake.

"Mgonjwa anaponaga kwa dawa," aliniambia, "lakini anatokaga kwa watu. Akija mwenyewe, hesabu hicho kitanda kimeenda."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Baadaye tukapata mzee mmoja mfugaji aliyevunjika mguu. Mguu uliunga, akaanza kutembea, akaanza hata kutusaidia kufagia, lakini hakutoka. Wanawe walikuwa wanagombea ng'ombe, kila mmoja akimsubiri mwenzake aje kumchukua baba, maana atakayemchukua ndiye atakayemlisha. Upande wa pili kulikuwa na mama aliyetoroka na nyuzi bado tumboni kwa sababu pamba ilikuwa imepasuka shambani na mvua inanukia. Mguu ule na tumbo lile vingekuwa kwenye kitabu cha shule, kila kimoja kingepewa muda wake. Shamba na ng'ombe havimo kwenye kitabu hicho.

Kutoka Bunda nililetwa Musoma, kwenye hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, na hapo ndipo nilipozeekea. Nilipita wodi ya watoto, nikapita ya wazazi, nikaishia ya wanawake. Upepo wa ziwa ukigeuka, harufu ya dagaa wa mwaloni Mwigobero inaingia mpaka kwenye chai, na makorongo wanasimama juu ya paa wamekunja shingo, wanatazama chini. Wageni walikuwa wanawaogopa. Sisi tulishawazoea, au tulijisemea hivyo.

Halafu ikaja korona. Kuna wakati tuliiita kwa jina lake, na kuna wakati tuliiita changamoto ya kupumua, na yenyewe haikujali inaitwaje. Tulipewa jengo la nyuma, karibu na uzio. Vifaa vyetu vilikuwa mitungi ya oksijeni, mashine chache za kuvuta oksijeni kutoka hewani ambazo ziliunguruma mchana kutwa, na vile vipimo vidogo vya kubana kidole vinavyowaka namba nyekundu. Tulijifunza kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Tulijifunza pia kwamba mgonjwa akianza kulalamikia chakula, amepona.

Ndugu walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Walisimama nje ya uzio na mabakuli yao, wakiangalia madirisha. Ndani tulivaa mavazi yaliyotufunika mpaka macho, hata mgonjwa asijue anahudumiwa na nani. Wengine walidhani tuko wengi sana, wengine walidhani ni mtu mmoja tu anayezunguka bila kuchoka. Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu niliyefunikwa au ni nguo tupu inayotembea. Nilicheka, na kicheko changu ndani ya ile barakoa kilinitisha mwenyewe.

Wakati huo alikuwa anakuja Bwana Magesa, afisa mipango, mtu mzima mwenye mvi na subira. Kazi yake ilikuwa kukadiria vitanda na mitungi itakayohitajika, na huwezi kukadiria hivyo kama hujui mgonjwa anakaa muda gani. Akikaa sana kuliko ulivyopanga, anayekuja nyuma yake analala koridoni. Bwana Magesa alikuwa anasimama mlangoni, nje ya mstari tuliochora, ananiuliza: wanakaaje? Nilimjibu kama nilivyofundishwa Bunda, kwamba mapafu yana muda wake na nyumbani kuna muda wake. Hakunibishia. Alisema tu kwamba huo wa pili hajui aukadirie vipi, nami nikamwambia hata mimi sijui.

Ndipo akaletwa Mama Masatu. Alikuwa mjane, mkulima wa upande wa Kiabakari, huko kwenye vijiji vyenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Alikuja na mwanawe Masatu, mwanamume wa makamo, aliyemwacha mama yake getini na kubaki amesimama nje ya uzio. Hali ilibadilika haraka. Tulimhamishia chumba cha oksijeni, na huko mgonjwa haingii na nguo za nyumbani. Tulikuwa na utaratibu wetu: nguo zinaloweshwa kwenye dawa ya klorini, zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, ndugu anakabidhiwa getini akafue. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa kuua vijidudu. Masatu alikabidhiwa mfuko wa nguo za mama yake na mhudumu aliyejifunika mwili mzima. Hakuuliza kitu. Alipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaondoka.

Alichokielewa kwenye mfuko ule sisi hatukukijua mpaka baadaye. Tulikuwa na mgonjwa wa kuhangaikia.

Alikaa kwenye oksijeni akiwa katikati ya usingizi na kuamka. Mchana mmoja, jua kali, madirisha wazi, alianza kuvuta gauni la hospitali pale shingoni. Nilimshika mkono. Akasema, kwa sauti iliyo wazi kabisa, "Nivueni hizi nguo. Zimelowa." Nilipapasa gauni, kavu. Nikapapasa shuka, kavu. Nikabadilisha vyote viwili, kwa sababu kubadilisha shuka ni rahisi kuliko kubishana. Akatulia kidogo, kisha akajipapasa shingo tena. "Udongo umeingia kwenye kola," akasema.

Gauni la hospitali halina kola. Mnajua wenyewe kwamba oksijeni ikipungua kichwani mtu anasema mengi, na mimi nilijiambia hivyo. Lakini kwa muda wote ule alirudia hayo hayo, baridi na kulowa na udongo, na muuguzi niliyekuwa naye zamu alianza kuniomba nimpangie chumba kingine.

Akapona. Alianza na uji, akaulalamikia. Akakaa, akasimama, akaenda chooni mwenyewe. Daktari akamwandikia ruhusa. Kuhusu nguo na udongo hakukumbuka kitu, au alisema hakumbuki. Aliuliza jambo moja tu, nguo zake ziko wapi, na tukamwambia mwanao amezipeleka nyumbani. Akavuta shuka mpaka shingoni, nikadhani anasikia baridi.

Nilimpigia Masatu simu pale pale, nikaiweka sauti ya juu ili mama asikie. Nikajitambulisha, nikasema mama amepona, njooni mumchukue. Nikampa mama simu. Akasema, "Masatu, ni mimi." Tulisikia mtu anapumua, halafu tukasikia kitu kimeanguka, na simu ikakatika. Tangu hapo haikupatikana.

Nilitafuta namba ya mwenyekiti wa kitongoji chao. Huyu alikuwa mtu wa kuongea, na aliniongelesha taratibu kama unavyomwongelesha mtu aliyefiwa. "Sista, pole na kazi," akasema. "Huyo mama sisi tulishamzika. Mimi mwenyewe nilishika jembe. Nguo zake zilirudi bila yeye, na tuliambiwaga miili haitolewi huko kwenu. Sasa tungefanyaje? Tulizika nguo."

Kwao, nguo za mgonjwa zikirudi zimefungwa, na mwenyewe hayupo, ndizo zinazoleta habari. Hakuna anayeuliza, kuuliza ni kumvunja mleta habari moyo. Walichimba kaburi uani, wakaweka ule mfuko kama ulivyo, wakasimamisha msalaba wenye jina, wakanyoa nywele, wakakaa matanga. Na aliyezikwa hafuatwi. Waliotupa udongo hawawezi kugeuka tena kwenda kumleta kwa mikono ile ile.

Kwa hiyo Mama Masatu akabaki. Kwenye makaratasi ya hospitali alishatoka, uani kwao alishaingia, na mwenyewe yuko kitandani anakunywa uji. Wagonjwa wenzake walikuwa wamesikia simu. Jirani yake aliomba ahamishwe, hata koridoni. Aliyekuwa analeta chai akawa anaiacha mlangoni. Mama Masatu alikuwa akisalimia asubuhi na hakuna anayeitikia, wanageukia ukutani. Siku za kwanza alikasirika. Baadaye akaacha kusalimia, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, anaangalia miguu yake.

Alianza kukiomba kile kipimo cha kidole. Hakuwa na haja nacho kwa ugonjwa. Alikibana kidoleni, akasubiri namba ziwake, akaziangalia mpaka zikatulia, ndipo akashusha pumzi. Baada ya muda anakiomba tena. Siku moja nilipokuwa nakichukua alinishika mkono.

"Sista, wewe unanionaga?" akauliza.

Nikamwambia nakuona, mama. Akasema basi nitaje jina lake kila nikiingia. Nikawa nalitaja. Niliogopa, nawaambieni ukweli. Sikumwogopa yeye. Niliogopa kwamba siku moja nitaingia nisahau kumwita, na yeye ataikubali hali hiyo. Nimeona watu wenye mapafu mazima wakifa kwa kukubali.

Na koridoni alikuwepo mwalimu mmoja wa Bunda, amelala kwenye godoro la sakafuni, anagawana mtungi na mwenzake. Kitanda cha Mama Masatu ndicho kilichokuwa karibu na mashine. Daktari alisema kwa upole kwamba aliyepona hawezi kukaa hapo, na wote tulijua maana yake. Ukimtoa getini hana pa kwenda. Ukimwacha, mwalimu yule anaishiwa na pumzi akikitazama kitanda cha mtu mzima wa afya.

Bwana Magesa alipokuja na swali lake la kawaida, safari hii nilimtoa nje nikamsimulia. Aliangalia makorongo juu ya paa kwa muda. Kisha akasema gari lake lina mafuta ya kufika Kiabakari na kurudi.

Mama Masatu hakuwa na nguo. Gauni la hospitali halitoki nje ya jengo. Kabatini kwetu nilikuwa na gauni langu la kitenge, la bluu lenye kola na maua ya njano, nililoshonewa na fundi wa mtaa wa Mukendo, ambalo nilikuwa nalivaa nikitoka zamu. Nikampa hilo. Lilimpwaya, lakini alilishika pindo akatabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone akitabasamu. Kabla gari halijaondoka, mwalimu wa Bunda alishapandishwa kitandani.

Tulifika kwao mchana, kiangazi, vumbi limesimama. Watoto walituona kwanza wakakimbilia ndani bila sauti. Wakatoka watu wazima, wote vichwa vimenyolewa, wakasimama mbali. Masatu alikuwepo. Alimwangalia mama yake kama mtu anayeangalia jua, anatazama na kukwepa. Upande wa kushoto wa nyumba kulikuwa na kaburi jipya, mawe yamepangwa vizuri, na msalaba. Mama Masatu alisimama, akausoma msalaba wake kwa sauti ya chini, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza.

Shemeji yake, Mzee Majura, mkubwa wa ukoo, aliletwa kiti lakini hakukikalia. Tuliamkia, akatuitikia mimi na Bwana Magesa. Mama Masatu alipoamkia, hakuitikia. Nilikasirika, nikachomoa kile kipimo mfukoni, nikambana mama kidole, nikamwonyesha mzee namba zinavyowaka. Akaangalia. Akanyoosha kidole chake naye apimwe. Namba zikakaribiana. Akatingisha kichwa taratibu.

"Wewe umemaliza kazi yako, dada," akaniambia. "Hiyo mashine inasema yupo. Sasa kaburi nalo linasema yupo. Tuanze kulinyamazisha kaburi."

Vijana wakapewa majembe. Walichimba wakipokezana. Mama Masatu alisimama karibu yangu, na jinsi shimo lilivyokuwa linashuka ndivyo alivyokuwa anajikunyata, meno yanagongana, kwenye jua lile. Udongo uliotoka ulikuwa mkavu mpaka chini, vumbi tupu. Wakaufikia mfuko. Ulikuwa umepasuka upande mmoja. Walipouinua, maji yakachuruzika.

Najua kwa nini zililowa. Tuliziloweka sisi wenyewe, na plastiki haikaushi. Hilo nimeshajieleza mara nyingi. Lakini zilipoloweshwa yeye alikuwa hajitambui, na zilipozikwa alikuwa kwetu, Musoma. Walipolifungua lile gauni lake, lenye kola, udongo ulikuwa umeingia pale palipopasuka na kukaa shingoni.

"Niliwaambiaga zimelowa," akasema Mama Masatu. Hakuwa anamwambia mtu.

Mzee akaagiza azivae. Nikasimama mbele yake, nikasema mapafu yake bado mabichi, nguo zile zina baridi na dawa, kwanza zifuliwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mapafu ni yako," akasema, "mtu ni wetu." Wanawake wakashika kanga wakamzungushia. Akatoka amevaa nguo zake, zinachuruzika, na hapo hapo Mzee Majura akamwitikia ile salamu aliyoiacha hewani. Masatu akaanguka magotini kwa mama yake akalia kwa sauti, na uani pote pakalia. Mimi pia nililia. Sikumbuki kama ni kwa furaha.

Nilipotaka tuondoke, niliona vijana bado wamesimama kwenye mdomo wa shimo, wanasubiri. Mzee akasema kaburi likifunguliwa halifungwi tupu. Limeshaonjeshwa mtu, litaita. Lazima libaki na kitu cha huko alikokuwa. Akainama, akaokota gauni langu pale wanawake walipoliacha, akalikunja vizuri, kola ndani, kama anayeheshimu, akampa kijana aliyekuwa chini.

Ningesema nini? Mama wa watu alikuwa anapangusa uso wa mwanawe. Mwalimu wa koridoni alishapata kitanda. Niliangalia maua yangu ya njano yakifunikwa vumbi. Waliung'oa ule msalaba wenye jina lake. Mzee Majura, kwa adabu tu, mkono wake ukiwa bado kwenye mti wa msalaba, akaniuliza, "Na wewe dada, unaitwa nani?" Nikageuka nikamuuliza Bwana Magesa kama gari limepoa.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo, na mengi mliyoyakuta nyie mkidhani yapo tangu zamani yalianzia kwenye shimo lile. Nguo za mgonjwa hazitoki, hata kanga, kabla ndugu hajasikia sauti yake kwenye simu. Mgonjwa akiingia tu anaulizwa nani atampokea siku ya kutoka, na asiye na jibu anaanza kutafutiwa siku hiyo hiyo. Bwana Magesa alipigania ile nyumba ndogo ya kusubiria karibu na geti, kwa ajili ya waliopona ambao nyumbani hakujawa tayari, na makadirio yake ya vitanda yakaanza kuendana na tunachokiona. Mwalimu wa Bunda alitoka kwa miguu yake. Mkewe alikuwa getini amebeba viatu vyake.

Mnaniuliza kwa nini katikati ya Aprili navaa sweta, na kwa nini niliondoka mapema ile siku ya keki, mawingu yalipofunga. Nimepima kila kinachopimika. Damu nzima, mapafu mazima. Ila mvua ikianza upande wa Kiabakari, hata huku Butiama kukiwa kukavu, nasikia nguo inanishika mgongoni, imelowa, na shingo inaniwasha. Bwana Magesa alisema twende tukaombe wafukue. Nilimwuliza, tukilitoa hilo gauni, tutaweka la nani?

Mama Masatu mzima, analima. Namba yangu anayo, na mvua ya kwanza ikidondoka kwao ananipigia kabla sijaamkiwa na mtu. Haulizi habari za nyumbani. Ananitaja jina langu lote, taratibu, kama nilivyokuwa namtaja yeye.

"Sista, huku imeanza," anasema. "Umevaa sweta?"

Namwambia nimeshavaa.